Mbwa Aliyepima Sauti Nyembamba

Ukifika mji wa Bonao ukasema unamtafuta Radhamés Polanco, watu watakuuliza Radhamés yupi. Ukisema unamtafuta Sikio, utaonyeshwa kwa kidole hadi mlangoni kwake, na wa kwanza kukuonyesha atakusimulia njiani gari lake lilivyolia siku lilipotoka mikononi mwa mzee huyo.

Jina hilo hakujipa. Alipewa na wenye magari kwa sababu alipanga muziki wa gari kwa masikio matupu. Mafundi wengine wa mji walikuwa na vidude vya kuonyesha mawimbi ya sauti kwenye kioo, na walivitazama kama daktari anavyotazama picha ya mbavu. Yeye aliketi kwenye kiti cha dereva, akafumba macho, akazungusha kitufe kwa kidole kimoja, kisha akasema, "Hapo." Kwa miaka mingi hakuna aliyerudi kulalamika.

Sasa niseme ukweli, maana hadithi iliyofichwa ukweli ni wali usio na ukoko, na kwetu mpishi wa wali huo husemwa. Kwa muda wa kama miaka miwili Sikio alikuwa hasikii vizuri. Hakuwa kiziwi. Malori aliyasikia, watu aliwasikia wakiwa mbele yake, na besi aliisikia hadi tumboni. Zilizomtoroka ni sauti za juu: ndege wa asubuhi, mluzi wa jiko la presha, na mbaya kuliko zote, güira, lile bati linalokwaruzwa katika muziki wetu wa merengue na bachata. Wimbo bila güira ni mchuzi bila chumvi. Mtu aliyeishi miaka thelathini ndani ya magari yenye sabufa kubwa kama mapipa hulipa mahali fulani, na yeye alikuwa analipia hapo.

Alivyoficha jambo hilo ni aibu, lakini ni aibu ya mtu mwenye akili. Alikuwa na mbwa mzee wa rangi ya vumbi, jina lake Ministro, yaani Waziri, kwa vile alikula vizuri na hakuna aliyejua kazi yake. Ministro alilala mlangoni mwa karakana. Siku moja Radhamés alitambua kwamba akifungua twita, vile vispika vidogo vya sauti nyembamba, mbwa hukunja masikio. Akizidisha kidogo, mbwa huinua kichwa. Akizidisha zaidi, mbwa huondoka zake uani. Basi Ministro akawa kipimo. Radhamés alipandisha sauti polepole huku akimchungulia kwa jicho moja, mbwa akikunja masikio, yeye alirudisha nyuma kidogo, akafumba macho mbele ya mteja, akasema, "Hapo." Mji ukaendelea kumsifu Sikio, na sikio lenyewe lilikuwa la mbwa.

Ijumaa ya kuelekea sikukuu ya Mtakatifu Antonio, Amauris aliingia karakana kinyumenyume na pikapu yake. Amauris alikuwa msafirishaji wa mchele, mtu wa miaka thelathini na kitu, na Radhamés na mkewe ndio waliomsimamia siku ya ubatizo wake.

"Baraka, baba," alimwamkia, kama kawaida ya watoto wa ubatizo, kabla hajafunga mlango.

"Mungu akubariki. Hiki ulichobeba ni muziki au unahamisha kanisa?"

Amauris alicheka. Nyuma ya pikapu, mahali pa magunia, palijaa boksi la mbao lenye sabufa nne, juu yake spika za sauti ya kati, na juu kabisa safu ya twita zinazong'aa. Alikuwa amekusanya vitu hivyo kidogo kidogo tangu mwaka uliopita, na alivitaka kwa ajili ya Jumapili.

Jumapili ya sikukuu, kila mwaka, magari hupangwa ukingoni mwa mto Yuna, watu wakiwa na vyungu vyao vya supu na watoto wao majini, na kila gari hupiga wimbo wake kwa zamu. Hakuna jaji wala kikombe. Watu husogelea gari linalowapendeza wakacheza mbele yake, na hulikimbia linalowaumiza. Mwenye gari lililokimbiwa huitwa Fukuza-watu hadi sikukuu inayofuata. Fundi wake naye haitwi kitu. Haitwi kabisa, hata kazini.

"Kuna kitu kimoja, baba," alisema Amauris. "Hicho kichujio cha kukata sauti za chini kabisa kitoe. Binamu zangu wanasema kinakula besi."

"Binamu zako walioteketeza sabufa mwaka jana?"

"Hao hao."

"Basi washauri unao."

Radhamés hakumbishia zaidi. Alikizima kichujio, akaingiza sauti nzito mno ya kupimia, akaongeza nguvu. "Unasikia nini?"

Amauris aliinamisha kichwa. "Sisikii kitu."

"Tazama sasa."

Sabufa zilikuwa zinakwenda mbele na nyuma kwa fujo, ngozi zake zikitaka kung'oka, na hakukuwa na sauti yoyote zaidi ya upepo uliotoka kwenye tundu la boksi. "Boksi lako limejengwa lipumue kuanzia mitetemo thelathini na tano kwa sekunde," Radhamés alieleza. "Chini ya hapo hewa ya ndani haiishiki spika tena. Spika inakuwa imeachiwa. Inatoka jasho, na hakuna mtu duniani anayesikia kazi yake. Wimbo mmoja wa hivi, koili imeungua, na binamu zako wanakuja kukupa pole."

Akawasha kichujio, akakipanga kikate sauti zilizo chini kidogo ya pale boksi linapopumulia, akaweka kiganja juu ya spika. Ilikuwa imetulia. Kisha akapiga bachata ya kawaida. Besi ilitoka nzito, kavu, ikamgonga Amauris kifuani.

"Nilidhani itapungua," alisema Amauris.

"Kilichopungua ni kile usichokisikia."

Sehemu hii ya kazi Radhamés aliipenda kuliko zote siku hizi. Huko chini hapakuwa na mwenye sikio. Wote walikuwa viziwi sawasawa, na aliyejua kutazama na kugusa ndiye aliyekuwa fundi. Laiti muziki ungeishia huko.

Lakini hauishii huko. Ilibaki kazi ya krosova, yaani kuweka mipaka ili kila spika ipewe sauti yake tu. Sabufa alizikatia juu, za kati akazikatia chini na juu, na alipokuwa anafanya hivyo Amauris aliuliza kwa nini twita zisipewe sauti yote ili ziwe na nguvu.

"Wewe huwapa kuku magunia ya mchele wabebe?"

"Hapana, baba."

"Basi nenda dukani ukaniletee kitu baridi."

Amauris alipotoka, Radhamés alifungua twita. Alimtazama Ministro. Ministro alikuwa amelala, kidevu juu ya mguu. Radhamés akaongeza. Ministro hakutikisa hata unywele. Radhamés akashusha mpaka wa twita ili zipokee sauti zaidi, akaongeza tena, na sasa akaanza kusikia kitu kwa mbali, kama karatasi inayokunjwa chumba cha pili. Akafurahi. Mbwa bado alikuwa amelala, kwa hiyo nafasi bado ipo. Akaongeza.

Wa kwanza kutokea alikuwa Yokasta, mwenye saluni ya jirani, kitana mkononi. Nyuma yake walitoka wateja wawili wenye vibiringisho kichwani, wameziba masikio. Midomo yao ilikuwa inakwenda. Amauris akaja mbio kutoka dukani, chupa mbili kifuani, uso umejikunja kama mtu aliyeuma limau.

"Zima, baba. Zima."

Kabla hajazima, twita moja ilitoa mkwaruzo ikanyamaza, na harufu ya waya ulioungua ikajaa karakana.

Yokasta alikuwa mtu wa kusema anachofikiri. "Sikio, mteja wangu ameshtuka, rangi ya nywele ikamwingia machoni. Kama unataka tuhame, tuambie kwa barua." Akarudi ndani na watu wake.

Amauris aliinamia ile twita. "Labda ilikuwa mbovu," alisema, bila kumtazama.

"Mbovu," alisema Radhamés haraka. "Vitu vya siku hizi. Niachie gari hadi kesho."

Haikuwa mara ya kwanza kuvisingizia vitu vya siku hizi. Mwaka huo twita kadhaa zilikuwa zimemrudia zimeungua, na kila mara alimlaumu aliyezitengeneza. Amauris alimpa chupa yake, akaomba baraka, akaondoka kwa miguu, na alipofika njiani aligeuka akamtazama kwa muda mrefu kuliko kawaida yake.

Radhamés alichukua spana, akamwendea Ministro kwa nyuma, akaiangusha kwenye sakafu ya saruji. Mbwa hakuamka. Akapiga makofi juu ya kichwa chake. Hakuamka. Alipomgusa mgongo ndipo Ministro alipofungua macho, akamtazama kwa upole, akatikisa mkia.

"Kumbe na wewe," alisema Radhamés.

Alicheka peke yake, kisha kicheko kikamwishia, akaogopa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na yeye kifo chake alikuwa amekiona kimesimama mlangoni na kitana mkononi. Bila sikio alikuwa nani? Mzee mwenye bisibisi. Kesho kutwa mwanawe wa ubatizo angesimama mtoni, watu wangemkimbia, na yeye ndiye angekuwa amemtendea hivyo.

Jumamosi alibadilisha twita asubuhi na mapema, akarudisha mpaka wake juu mahali mikono ilipokumbuka, halafu akakaa hadi mchana bila kuthubutu kuifungua. Mkewe, Eduvigis, au Viji kama alivyomwita, alikuja kutoka jikoni akifuta mikono kwa aproni. Alisimama mbele yake kabisa.

"Chakula."

"Nakuja."

"Hata jana usiku ulisema unakuja, ukalala na njaa."

"Viji, hebu keti humu ndani ya gari kidogo."

"Mimi? Niketi kwenye hilo pipa la kelele? Nina wali jikoni."

"Keti tu."

Aliketi kwenye kiti cha dereva, magoti pamoja, kama mtu aliyepanda gari la mgeni. Radhamés alisimama nje ameshika mlango. Alikuwa amepanga maneno tangu alfajiri, na yote yalimkimbia.

"Siisikii güira," alisema.

"Najua."

"Unajua nini?"

"Radhamés, unadhani kwa nini nimeacha kukuita kutoka jikoni? Miaka yote nilikuwa napaza sauti mpaka jirani anaitika. Sasa hivi natembea mpaka huku, nasimama mbele yako, ndipo nafungua mdomo. Ulidhani magoti haya yanapenda matembezi?"

"Nilidhani umekuwa mpole."

"Mpole, mimi," alisema Eduvigis, na hilo lilimchekesha kidogo.

Radhamés alitazama chini. Alikuwa amefurahia upole huo kwa miaka miwili. Alikuwa amejisifu kwa marafiki, kwenye meza ya domino, kwamba mwanamke akizeeka hulainika. "Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja useme wewe. Mtu na sikio lake. Nilisema, siku akichoka kujificha atakuja. Sikujua kwamba utamtanguliza mbwa."

"Nani kakwambia habari za mbwa?"

"Mtu mzima anapanga muziki huku anamkodolea macho mbwa, unataka tuamini unasali? Na huyo Ministro masikio yamekuwa yakimwisha tangu Krismasi. Mimi humwita kwa kugonga sahani sakafuni, asikie kwa tumbo."

Aibu ilimpanda Radhamés hadi masikioni, na chini ya aibu hiyo kulikuwa na nafuu kubwa, kama mtu aliyetua gunia alilokuwa amelisahau begani. Akazunguka, akaketi kiti cha pili, akaweka bachata. Alishusha twita hadi mwisho, kisha akaanza kuzipandisha kidogo kidogo.

"Niambie ikianza."

"Hiyo, imeanza."

"Ikoje?"

"Mimi nijuaje ikoje? Inakwaruza."

"Inakwaruza vipi? Nisaidie, Viji."

Eduvigis alifikiri. Alikuwa mwanamke aliyeuchukia muziki wa magari tangu siku ya harusi yao, lakini alikuwa mpishi, na mpishi hujua kitu kinapozidi. "Kama mtu anakwangua ukoko," alisema.

"Wapi? Jikoni kwako?"

"La. Ndani ya kichwa changu."

Akapunguza. "Sasa?"

"Sasa ni jikoni kwangu."

Akapunguza tena. "Sasa?"

"Sasa ni kwa Yokasta, na dirisha liko wazi."

"Na mwimbaji yuko wapi?"

"Mwimbaji yuko mezani, anangoja wali."

"Hapo," alisema Radhamés, akaondoa kidole.

"Hapo wapi? Bado." Eduvigis alikuwa amefumba macho, na hakujua kwamba ameyafumba. "Upande wangu huu wa kushoto unachoma zaidi ya ule wako. Yokasta ana madirisha mawili?"

Radhamés alishusha ya kushoto kwa unywele. Yeye hakusikia tofauti yoyote. Alimtazama usoni, kama alivyokuwa amemtazama mbwa, ila uso huu aliufahamu zaidi, na aliona mahali ambapo paji la uso lilikunjuka.

"Hapo," alisema Eduvigis.

Waliporudi ndani wali ulikuwa umeungua, chungu kizima kimekuwa ukoko. Waliugawana, wakaula na maharage, na hakuna aliyelalamika.

Jioni Amauris alikuja kuchukua gari. Aliomba baraka kwa wote wawili, akaingia, akapiga wimbo mmoja hadi mwisho. Aliposhuka alikuwa anatabasamu.

"Kweli ile twita ya jana ilikuwa mbovu," alisema.

Njia ilikuwa wazi. Radhamés angeitikia tu, akamaliza maisha yake akiwa Sikio. Alimtazama mkewe, ambaye hakumsaidia kwa lolote.

"Twita ilikuwa nzima," alisema. "Mabovu yalikuwa masikio. Yangu na ya mbwa. Mimi sauti za juu sizisikii tena, Amauris. Hizi amezipima mama yako wa ubatizo."

Amauris alisugua shingo. "Nilijua jana, baba. Nilikusemesha kwa nyuma mara mbili, hukugeuka."

"Ulijua, na ukaniachia gari?"

"Ningefanyaje?"

"Ungekwenda kwa fundi mwingine. Kama nisingeirekebisha, ungeipeleka mtoni ikiwa vile?"

"Ningeipeleka."

"Wakuite Fukuza-watu mwaka mzima?"

"Waniite tu," alisema Amauris. "Kuliko waseme kwamba hata mwanao amekukimbia."

Radhamés alitaka kusema neno la mzaha, maana walizoeana kwa mizaha, lakini akaliacha. Alimshika kijana kichwa kwa mikono miwili, akambusu kwenye paji la uso, akamwambia aende kabla giza halijaingia.

Jumapili mtoni palijaa. Zamu ya Amauris ilipofika, watu waliokuwa majini walitoka na maji yao, waliokuwa kwenye vyungu waliacha miiko, na mbele ya pikapu hapakubaki nafasi ya kuweka mguu. Hata Yokasta alikuwemo. Mwenye gari la jirani, mtu wa mji wa Maimón ambaye hakuwa na kawaida ya kumsifu mtu bure, alimjia Radhamés akiwa na sahani ya supu.

"Sikio bado ni Sikio," alisema.

"Umekosea mtu," Radhamés alimjibu. "Mwenye sikio ni huyu." Akamwonyesha mkewe kwa kidevu. "Kama gari lako linachoma, mwombe yeye. Lakini mwombe baada ya chakula."

Yule mtu alicheka akidhani ni mzaha. Eduvigis hakucheka. "Na Ijumaa sipimi," alimwambia. "Ijumaa nafua." Yule mtu akaacha kucheka, akauliza kama basi Jumatatu inafaa.

Alipoondoka, walikaa wawili kwenye viti vyao vya plastiki wakitazama watu wanavyocheza. Radhamés alisikia besi miguuni, akamsikia mwimbaji, akalisikia gita vipande vipande. Juu ya hapo palikuwa kimya. Aliwaona wachezaji wakitikisa mabega kwa kufuata kitu kisichomfikia, na uchungu ukamshika, kwa sababu alijua sasa kwamba hakitarudi, na mara hii hapakuwa na mtu wa kumficha.

Eduvigis aliuvuta mkono wa mumewe, akauweka juu ya paja lake. Kwa ukucha wa kidole cha shahada alianza kumkwaruza juu ya ngozi, upesi upesi, kwenda na kurudi, akikosea mwanzoni kisha akashika mwendo. Radhamés alichelewa kuelewa. Alipoelewa, alitazama bendi isiyokuwepo ndani ya lile boksi la mbao, akaona güira imeingia mahali pake, kati ya gita na sauti ya mtu.

"Inakwenda hivyo?" aliuliza.

"Hivyo hivyo," alisema mkewe, na hakuuondoa ukucha hadi wimbo ulipokwisha.